Kripto ikipotea, mwizi wa pili ndiye wa kuogopa

Wasee, leo sina mchezo. Hii posti nimeiandika mara nne nikaifuta, kwa sababu haiwezi kuanza bila mimi kukubali kosa langu. Basi niseme tu.

Mwaka jana msee fulani aliingia kwa inboksi yangu. Picha ya suti, maneno safi, heshima nyingi. Akaniambia yeye ni mtaalamu wa kurejesha kripto zilizopotea na anataka nimtangaze kwa wafuasi wangu. Bei: shilingi 6,000. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na mimi nilikuwa nimekauka kabisa. Sikumuuliza hiyo kazi yake inafanywaje. Niliweka video ya sekunde 30, nikasema kama umepoteza kripto yako, huyu jamaa anasaidia. Pesa ikaingia M-Pesa, nikalipa kodi, nikasahau.

Binamu yangu hakusahau.

Yeye hutengeneza kucha huko Githurai. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 68,000 kwa USDT, zile dola za kidijitali, ndani ya waleti ya simu. Hiyo ilikuwa pesa ya kufungua kibanda chake mwenyewe, aache kugawana mapato na mwenye saluni. Jioni moja simu ikanyakuliwa pale Archives akiingia matatu. Yale maneno 12 ambayo waleti ilimwonyesha siku ya kwanza alikuwa ameyapiga skrinshoti, na skrinshoti ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Bekapu ya picha alikuwa ameizima ili isimle bando.

Akakumbuka video yangu. Hakuniuliza, kwa nini aniulize? Mimi ni damu yake. Kama nimesema jamaa anasaidia, basi anasaidia.

Kwanza alilipa 4,500, "ada ya kufungua faili". Kisha 12,000 za "programu ya kutafuta". Siku mbili baadaye akatumiwa picha ya waleti ikionyesha pesa zake zote, mpaka senti ya mwisho, na ujumbe: tumezipata, imebaki ushuru tu. Ushuru ulikuwa 18,500. Akakopa kwa chama. Akatuma. Halafu kimya.

Ndipo akanipigia. "Bro, yule jamaa wako hashiki simu."

Jamaa wako. Hilo neno limenikaa kifuani hadi leo.

Kwa hiyo wacha niseme wazi, na wale wanaolipwa kutangaza hawa watu wanisikie: hii biashara ya "kurejesha kripto" inayouzwa kwa inboksi, Telegram na WhatsApp ni wizi. Huyo si mtaalamu aliyeshindwa kazi, wala huduma yake haijachelewa. Ni mwizi wa pili, anayekuja baada ya yule wa kwanza, akijua tayari umelia, umechanganyikiwa, na uko tayari kuamini chochote. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu kazi yake ni kusimama kando ya mto akiuza nyasi za kushika.

Nitaeleza kwa nini nina uhakika, kwa sababu hasira peke yake haimsaidii mtu.

Tumezoea M-Pesa. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, unapeleka ile meseji kwa 456 na kuna mtu mahali atashughulika. Ukisahau PIN, unatoa kitambulisho, unawekewa nyingine. Kuna kampuni, kuna ofisi, kuna mtu wa kupigia kelele. Sasa sisi tunaingia kripto tukidhani nyuma ya waleti kuna ofisi kama hiyo. Hakuna. Ukiwa na waleti yako mwenyewe, pesa haiko ndani ya simu na haiko kwa kampuni. Iko kwenye daftari moja la wazi ambalo kompyuta nyingi duniani zinalitunza kwa pamoja. Kinachokupa nguvu ya kuihamisha ni ufunguo wa siri, na yale maneno 12 au 24 ndiyo ufunguo huo ukiandikwa kwa njia ambayo binadamu anaweza kuisoma. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Asiye nayo, hata kama anaitwa kwa jina lililo kwenye kitambulisho, hana.

Je, mtu anaweza kuyabahatisha? Maneno hayo yanatoka kwa orodha ya maneno 2,048. Ukiyapanga 12, idadi ya mipangilio inayokubalika ni namba yenye tarakimu 39. Bilioni moja ina tarakimu 10. Hakuna "programu ya 12,000" inayopita hapo. Angekuwa nayo, angeanza na waleti za matajiri wa dunia. Kwa nini ahangaike na 4,500 za msichana wa Githurai?

Hapo ndipo wengi huniuliza: mbona sasa alimtumia picha ya pesa zake? Manze, hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu ni rahisi mno. Daftari liko wazi. Ukiwa na anwani ya waleti, ile namba ndefu unayompa mtu akutumie pesa, yeyote anaweza kuangalia kuna kiasi gani. Binamu yangu alimpa jamaa anwani yake siku ya kwanza. Jamaa akaangalia, akapiga picha, akamrudishia kama ushahidi. Ni kama mtu akuonyeshe picha ya nyumba yenu iliyopigwa kutoka barabarani, halafu adai ana funguo za mlango. Kuona pesa na kuweza kuigusa ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na kama bado una shaka, angalia walio na pesa kutuzidi.

Kuna James Howells, mtu wa Newport huko Wales. Mwaka 2013 diski yake yenye ufunguo wa Bitcoin karibu 8,000 ilienda na takataka, ikaishia kwenye jalala la baraza la mji. Miaka zaidi ya kumi aliomba ruhusa ya kuchimba jalala, akaahidi kugawana, akaenda hadi mahakamani, na Januari 2025 jaji akaitupilia mbali kesi yake. Mtu aliyekuwa tayari kufukua mlima wa taka hakumpata "mtaalamu" wa Telegram wa kumrudishia kwa siku tatu?

Kuna Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta anayejua mambo haya kwa undani. Ana Bitcoin 7,002 zilizofungwa na kifaa kidogo kinachoruhusu kubahatisha nenosiri mara 10 tu. Karatasi aliyoandika nenosiri ilipotea. Habari zake zilipotoka Januari 2021 alikuwa ameshajaribu mara nane. Huyu si mshamba wa teknolojia. Ni msee wa ndani kabisa, na bado alikwama mlangoni.

Sasa, nisiwe mwongo. Kuna watu waliorudishiwa, na matapeli wanapenda kutumia mifano hiyo kama chambo. Kwa hiyo tuiangalie vizuri.

Mwaka 2022 mhandisi wa Marekani anayeitwa Joe Grand alionyesha jinsi alivyofungua kifaa cha waleti kilichokuwa na kripto ya dola kama milioni mbili, mwenyewe akiwa amesahau PIN. Ni kweli. Lakini kifaa kilikuwa mezani mbele yake, na alitumia miezi kutafuta kasoro ya kifaa hicho hasa. Mwenye pesa alikuwa chumba kimoja naye. Hakuna aliyemwomba ushuru.

Mwaka 2016 wezi waliiba Bitcoin 119,754 kutoka soko la Bitfinex. Februari 2022 serikali ya Marekani ikakamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo. Umeona? wanasema, inawezekana! Ndiyo, ila soma ilivyowezekana. Ilichukua zaidi ya miaka mitano, wapelelezi wa serikali na amri ya mahakama, na mwishowe walikuta funguo zenyewe zimehifadhiwa kwenye faili la mtuhumiwa mtandaoni. Hawakuvunja hesabu. Walipata ufunguo.

Na hata wewe nyumbani, kama una maneno 11 kati ya 12 na unajua lililokosekana lilikuwa la ngapi, kuna maneno 2,048 tu ya kujaribu. Hiyo kompyuta ya kawaida inaweza. Mtu anayejua programu, unayemwamini, aliyekaa kando yako, kompyuta ikiwa imetolewa kwa intaneti, anaweza kukusaidia kweli.

Kwa hiyo kila anayerudishiwa huwa amebaki na kitu mkononi: kifaa, sehemu ya maneno, faili la zamani, au polisi wenye amri ya korti. Asiyebaki na kitu harudishiwi kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Wazee walisema hivyo kabla ya kompyuta, na hesabu imewakubali.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mmeshaanza kuliandika. "Ni ujinga wake. Nani huweka skrinshoti kwa simu? Ajifunze."

Wacha nikujibu wewe kwanza, kwa sababu nyinyi ndio mnamlinda mwizi. Binamu yangu alikaa wiki tatu bila kuniambia, si kwa sababu alikuwa bado anamwamini jamaa, ila kwa sababu aliogopa kuchekwa. Ndani ya wiki hizo tatu ndipo alipokopa za chama. Angekuwa na mahali pa kusema "nimepoteza" bila kuitwa mjinga, ile 18,500 isingetoka. Aibu ndiyo mtaji wa hawa watu. Wanajua huwezi kumwambia mathee, huwezi kuwaambia maboi, kwa hiyo utaongea nao peke yao, usiku, ukiwa umejifunika blanketi, simu ikikuangaza uso.

Halafu tuulizane: nani alimfundisha? Kila siku mnaona video za "kuwa benki yako mwenyewe". Nimezitengeneza hata mimi. Tunawaonyesha jinsi ya kununua, jinsi ya kuhesabu faida, wapi pa kubonyeza, na tunaweka linki inayotulipa. Ile dakika moja ya maneno 12 tunaipitisha mbio, "andika mahali salama, twende". Mahali salama wapi? Benki ina kasha, ina askari, ina bima, na ina mtu wa kukuuliza maswali ukisahau. Ukimwambia kijana awe benki, umempa kazi za watu wote hao. Ukimpa kazi bila kumfundisha, kisha ikaharibika, usimwite mjinga.

Na kifo je? Kenya mtu akifa na pesa benki au M-Pesa, familia inaweza kufuatilia. Zikikaa miaka bila kuguswa, zinapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA, na bado warithi wanaweza kuzidai. Kripto ya aliyekufa na maneno yake kichwani haina pa kudaiwa. Inabaki kwenye daftari, kila mtu anaiona, hakuna wa kuigusa. Ni mtengenezaji gani wa kontenti amewahi kuwaambia hivyo kabla ya kuwapa linki?

Msiseme pia kwamba serikali itamaliza hili. Benki Kuu ilitoa onyo kuhusu sarafu hizi tangu Desemba 2015, na mwaka 2025 tukapata sheria ya kusimamia kampuni zinazotoa huduma za mali za kidijitali. Hiyo ni sawa. Sheria inaweza kuibana kampuni. Inaweza kumfunga tapeli akipatikana. Haiwezi kuyajua maneno yako 12. Hapo hata rais hana msaada.

Basi ufanye nini ikikupata? Nitasema kwa kifupi, kwa sababu kupotea kwa kripto si kitu kimoja.

Kama pesa ilikuwa kwenye soko la kampuni, ukafungiwa akaunti au ukasahau nenosiri, bado uko sawa. Hapo kuna ofisi. Ingia kwa programu yao wenyewe, usifuate linki ya mtu, peleka kitambulisho, subiri. Hailipiwi. Anayejifanya "msaada kwa wateja" na kukutafuta yeye kwanza ni mwizi.

Kama umeibiwa au umetuma kwa tapeli, muda ndio kila kitu. Andika anwani iliyopokea, namba ya muamala, tarehe na saa, weka meseji zote, kisha peleka DCI upate namba ya ripoti. Kampuni inayotoa USDT ina uwezo wa kuzuia anwani ikiombwa na vyombo vya dola. Bitcoin haina wa kuizuia, lakini ikifika kwenye soko lenye leseni linaweza kuombwa lifunge akaunti. Sikuahidi kitu. Nakwambia mlango ulio halali ni upi.

Kama umepoteza maneno, tafuta kwanza vitu, usitafute watu. Daftari la zamani. Simu ya zamani iliyo kwa droo ya mathee. Laptopu uliyomwachia kakako. Bekapu ya picha. Ukikosa kabisa, kubali. Najua inauma. Lakini kukubali hasara ya 68,000 ni bei nafuu kuliko kuifanya iwe 103,000.

Na kariri hizi alama. Anayekutafuta yeye ndiye, hasa baada ya kulalamika mahali hadharani, ni tapeli. Anayetaka ada kabla ya kazi, kisha ada nyingine, kisha "ushuru", ni tapeli. Ushuru wa Kenya haulipwi kwa namba ya mtu binafsi. Anayekuomba maneno yako "ili kuthibitisha" anataka kukuibia hata kilichobaki. Anayejiita mdukuzi mzuri, au anayedai anafanya kazi na FBI, ni tapeli. FBI wenyewe Agosti 2023 walitoa onyo kuhusu kampuni zinazodai zinaweza kurudisha kripto iliyopotea kwa matapeli. Wale wanaosema chini ya kila video "huyu alinirudishia pesa zangu, Mungu ambariki"? Hao ni yeye huyo huyo, na majina kumi.

Wewe ambaye bado hujapoteza, fanya hivi leo, si kesho. Chukua karatasi na kalamu. Andika maneno yako, hakikisha tahajia na mpangilio. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Hakuna skrinshoti, hakuna kujitumia WhatsApp. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mahali karatasi iko, hata kama humwambii ni ya nini. Halafu jaribu kufungua waleti kwa maneno hayo ukiwa na pesa kidogo, ujue yanafanya kazi kabla hujaweka za kibanda.

Kwa wenzangu wenye wafuasi, sitawabembeleza. Mmewahi kuchukua pesa ya hawa watu, najua, kwa sababu mimi nilichukua. Futeni hizo posti. Semeni hadharani kwamba mlikosea. Kama kuna mtu alipigwa kupitia kwenu na mnamjua, mlipeni. Ukisema "mimi nilitangaza tu", kumbuka mwizi hakuwa na uso wa kuaminika mpaka ulipomkopesha wako.

Mimi nilimkopesha kwa 6,000. Zilimgharimu binamu yangu 35,000. Namlipa 5,000 kila mwezi, nimebakisha miezi mitatu. Zile 68,000 siwezi kumrudishia, na sitamtafutia mtu wa kudai anaweza. Aliyenyakua simu hajui hata alichobeba. Wiki iliyopita binamu alifungua ile anwani kwa simu yake mpya akanionyesha. Hazijasonga.

"Ona," akasema, "bado ziko."

Ziko, na zitaendelea kuwa pale. Wewe nenda ukaandike yako kwenye karatasi.